Jina Ambalo Bibi Halitamki

Mpanda, Jumatano

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako limepoa, au bado linakusumbua ukiinama shambani? Na mpunga umeanza kuiva? Mimi huku mwili ni mzima, lakini naogopa, mama, hata chakula hakipiti. Sikupiga simu kwa sababu hapo nyumbani mnaweka spika na baba anasikia. Barua hii soma peke yako.

Unajua kazi yangu ni yale madaftari ya zamani ya serikali, yaliyoandika watu kaya kwa kaya. Tunayapangusa vumbi na udongo wa mchwa, tunapiga picha kila ukurasa, ili mtu anayetafuta ukoo wake awapate watu wake. Juzi likafika daftari la kijiji chetu cha Mamba. Nikalifungua kwa furaha nimtafute babu Lusambo. Hayumo. Nikamkuta bibi Magreti na mtoto mchanga, Alfonsi. Ndiye baba. Lakini wameandikwa kwenye kaya ya Kasalama, bibi akiwa mke wa pili.

Mama, Kasalama ni babu yake Deus. Huyu huyu Deus aliyeleta posa kwetu. Mke wa kwanza hapo ni bibi yake, kabla hawajahamia huku mjini, Misunkumilo, na mtoto wao ni baba yake mzazi. Kama daftari linasema kweli, mimi na Deus ni damu moja.

Najipa moyo hivi: bibi kwa mila hatamki jina la mumewe, mpaka leo anasema "Baba Alfonsi" tu. Labda babu alikuwa safarini, karani akamwuliza jina la mume, bibi akanyamaza, Kasalama akajibu kama jirani, karani akachanganya. Inawezekana, si ndiyo? Halafu nakumbuka Deus na baba wana masikio yale yale.

Deus hajui. Jana alinifuata kazini na bajaji yake, akaniuliza, "Mbona umekuwa bubu leo?" Nikasema kichwa kinauma. Ukurasa ule nimeuruka, lakini msimamizi anataka daftari zima Ijumaa. Nilishika karatasi niichane, nikashindwa. Baba yumo humo akiwa mtoto.

Nakuomba kaa na bibi faraghani, usimkaripie. Mwulize tu baba alizaliwa nyumba ya nani. Akikataa kutamka, mtajie wewe majina yote mawili, aitikie kwa kichwa. Jibu mpe konda huyu huyu wa basi aliyekuletea barua.

Wasalimie kaka na mkewe, na shangazi anayenishonea gauni. Mwambie asikate kitambaa kwanza.

Jumapili tangazo letu la ndoa linasomwa kanisani. Padre atasema mwenye kujua kizuizi aende akamwone. Nitakuwa nimekaa pembeni ya Deus, mama, na anayejua ni mimi.

Mwanao,
Yustina