Feni Ndefu na Tusi la Bibi

Alhamisi. Upepo unavuma toka asubuhi, baridi imenipasua midomo, na hasira niliyo nayo ingeivisha chungu cha maharage bila kuni.

Dada yangu Perpetua anakaa Pito. Ndiye mtu wa mwisho katika ukoo wetu anayeyajua matusi ya Kifipa cha zamani. Sisemi haya matusi ya stendi, ya neno moja kama kupiga chafya. Nasema matusi yenyewe, yaliyotungwa na watu wenye akili na nafasi. Wengine huandika historia ya machifu. Mimi, niliyeishia darasa la nne kwa kumwigiza mwalimu anavyotembea, naandika matusi.

Kwa kazi hiyo nimejiundia kompyuta ndogo. Ubao wa saketi na prosesa, ubongo wenyewe, alinipa mpwa wangu, boksi nimelichonga mwenyewe kwa mbao, jembamba, liingie kwenye kikapu cha baiskeli kutoka hapa Kizwite. Nikifika naichomeka kwenye televisheni ya dada. Msiniambie nitumie simu. Dole gumba langu linabonyeza herufi tatu kwa mpigo.

Kitu kimoja sikuweka: feni ya prosesa. Juu yake kulikuwa na kipande cha chuma cha kupozea tu, basi. Kila niliyemuuliza alinicheka. "Mzee, feni Sumbawanga? Baridi yote hii?" Nikaona wana akili. Kumbe tulikuwa mkutano wa wajinga.

Jumanne dada aliamka na kichwa chepesi. Siku kama hizo zimekuwa chache. Siku nyingine ananiita kwa jina la baba. Akakumbuka tusi ambalo bibi yetu alimtupia mkwe aliyeleta mbuzi kilema kwenye mahari. Refu kama sala ya Nasadiki. Naandika huku nacheka mpaka machozi. Limebaki neno la mwisho, televisheni ikawa nyeusi. Boksi la moto kama pasi. Tusi lote limekwenda.

"Dada, rudia."

"Nirudie nini?"

"Tusi la bibi."

"Wewe Desderi, mwogope Mungu. Bibi yetu alikuwa mtu wa kanisa."

Nilirudi na baiskeli yangu nikilia. Niliowapita njiani niliwaambia ni upepo.

Baridi iko nje, homa iko ndani. Kila mama aliyelea mtoto anajua hilo. Mimi na mvi zangu sikujua.

Basi leo nikaenda kwa muuza vifaa vya kompyuta, jamaa mmoja kutoka Mbeya. Akanipa shikamoo, nikamwambia nataka feni fupi, isiyozidi vidole vinne, ya bei ya maskini. Akatoa moja inayowaka nyekundu, bluu na kijani kama baa mwisho wa mwezi.

"Hii ndiyo ya kisasa, mzee wangu. Itapoza mpaka uombe koti."

Nikaipima. Vidole vinne kamili. Bei yake mbuzi mzima, tena mwenye miguu yote. Wageni wanatuogopa watu wa Sumbawanga, eti tunarusha radi kwa uchawi. Huyu hakuniogopa hata kidogo.

Nyumbani kifuniko kikakataa kufunga.

Nilikuwa nimepima boksi tupu! Ubao una vijiguu vyake, una unene wake, prosesa imekaa juu. Vyote hivyo vimekula kidole kizima. Na feni nayo inataka nafasi ya kuvuta hewa. Ukiibana na kifuniko ni sawa na kumziba mtu pua halafu umwambie akimbie.

Nikaiwasha hivyo hivyo, boksi wazi. Taa zikanikonyeza.

Hapo nikatukana. Nikaitukana feni, nikamtukana muuzaji, nikavitukana vidole vyangu. Kisha mdomo ukageukia Kifipa wenyewe, na ikatoka nusu ya kwanza ya tusi la bibi, neno kwa neno, mpaka kwenye mguu wa mbuzi. Ikakatika hapo.

Nikaokota mkaa nikaandika ukutani.

Siku mbili nimelitafuta kwa upole, halikuja. Kumbe tusi halikai kichwani. Linakaa kwenye hasira.

Nikarudi dukani.

"Mzee, kilichouzwa hakirudi."

"Sawa, mwanangu. Hata radi ikishatoka hairudi." Nikainua macho. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu.

Akanibadilishia upesi. Hii ni nyembamba, vidole viwili, haina taa wala maringo, bei ya kuku wawili. Kilichozidi akakirudisha bila kubishana. Nikapaka prosesa dawa yake ya kijivu ya kupitishia joto, kiasi cha punje ya mahindi, nikaikaza, nikatoboa kifuniko kwa msumari wa moto. Kimefunga. Toka saa nane mchana mashine haijazima hata mara moja. Boksi ni vuguvugu kama yai lililotoka kutagwa.

Bado nina hasira. Nusu nyingine anayo dada, na kila wiki kichwa chake kinabeba kidogo kuliko wiki iliyopita. Nikimwomba kwa adabu atanipa habari za kanisa.

Kesho naenda Pito. Nitawasha mashine kwanza, nisikilize feni inazunguka. Nitaketi karibu na mlango. Nitamwambia chai yake ni maji ya kuoshea vyombo. Asipochemka, nitamwambia mahari yake ilikuwa mbuzi mmoja, tena kilema.

Mungu amjalie nguvu anitukane mpaka mwisho.