Kiti Kilicholigeuzia Dirisha Mgongo

Tarehe 14 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha na kwamba shemeji na watoto hawajambo. Huku tu wazima wa mwili. Baba anakula, anasoma gazeti na kubishana na redio. Kilichonikalisha kukuandikia ni jambo lingine.

Unajua kwamba tangu mama atutoke mdogo wetu anatengeneza filamu ya chumba cha mama. Labda hujui masharti aliyojiwekea. Kamera imesimama pembeni mwa mlango na haisogezwi. Kila siku, saa tatu asubuhi, anapiga dakika moja tu, kwa siku thelathini. Mtu haonekani, muziki hauwekwi, na chumbani hakiguswi kitu. Kikiguswa, hesabu inarudi siku ya kwanza. Anasema ukijifunga mikono ndipo macho yanapofunguka. Mimi kanikabidhi daftari la kumbukumbu, eti hata kicheko changu kina tarehe. Ananiita Karani.

Baba alikubali kwa sharti lake moja: siku ya thelathini ikipita, vitu vitolewe na chumba kipangishwe. Alisema hana shida nacho na hatakanyaga humo.

Siku ya tisa mdogo wetu alilalamika kwamba filamu imepoa. Siku ya kumi na moja tukakuta kiti cha mama kimeligeuzia dirisha mgongo. Zilinganishe siku hizo mbili, dada. Nilipomuuliza aliapa hajakigusa, lakini uso ulimng'aa. Nikamkumbusha sharti la kuanza upya. Akasema sharti linahusu mkono wa mtu, na mkono hatujauona. Huenda chumba chenyewe kimeamua kuigiza.

Tangu hapo sikumwamini. Siku ya kumi na sita kiti kilikuwa kimesogea vigae viwili kuelekea kitandani. Nikawa namchunguza anavyokula, anavyonawa, anavyopiga mluzi akifuta kamera. Nilikagua hadi soli za viatu vyake. Mwishowe nikawa nafunga uzi mweusi mlangoni, usawa wa kifundo cha mguu, kila akimaliza kupiga.

Siku ya ishirini na tatu aliondoka mara tu baada ya picha, akashinda mji wa jirani. Alasiri uzi ulikuwa umekatika. Nyumba hii ina watu watatu, dada. Nilibaki na mmoja wa kumshuku, na sikutaka.

Siku ya ishirini na sita, saa saba mchana, niliaga kwamba naenda sokoni, nikarudi kwa mlango wa nyuma na kujibanza jikoni, panapotazamana na chumba cha mama. Baba alivua viatu mlangoni. Akaipita kamera kwa ubavu, kama anayempisha mgeni, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kiti akakiweka sawa ili jua lisimpige mama machoni. Kisha akaanza kukipa habari: jirani kapaka ukuta rangi mbaya, goti limetulia, mchuzi ninaopika una chumvi nyingi.

"Karani wako bado anaandika kila kitu," alisema. "Hilo kalitoa kwako."

Sasa nikuungamie. Kesho yake asubuhi niliandika kwenye daftari kwamba anayesogeza kiti ni mimi, tangu siku ya kumi na moja. Mdogo wetu alikuja juu, akasema nimemuulia filamu. Lakini mkono ulikuwa umepatikana, na sharti ni lake mwenyewe, kwa hiyo akarudisha hesabu siku ya kwanza. Hatusemeshani. Mezani baba aliuliza kama ni thelathini nyingine kamili. Nikamjibu ndiyo. Akasema haya, akaomba nimwongeze mchuzi.

Shajara yangu ina ukweli wote. Daftari lina uongo huo mmoja. Mdogo wetu akikuuliza, wewe hujui kitu. Wabusu watoto kwa niaba yangu na umpe shemeji salamu.

Leo ni siku ya tatu. Uzi nimeutoa mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
Karani