Sabato Uliyoingia Baharini na Nguo Zako

Mama yangu mpendwa,

Ulishuka kwenye basi Malindi na mkungu wa ndizi kichwani, kana kwamba Pwani hakuna ndizi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nilikuwa mwalimu wa mwaka wa pili tu. Hata maji hujanywa, ukasema: “Kemunto, nimekuja kukuchukua. Kule kwetu Gesima wanasema umepotelea huku.” Mumeo, mzee wetu, alikuwa ameshanitafutia nafasi katika shule iliyopakana na shamba letu la chai. Niliipenda kazi yangu, lakini nani angethubutu kukukatalia wewe?

Kesho yake ilikuwa Sabato. Baada ya ibada nilikupeleka kwenye hifadhi ya msitu, kule ufuoni. Palikuwa kimya, mlinzi mmoja tu mlangoni. Nilipokuita “Baba”, kama sisi Wakisii tunavyowaita mama zetu, mlinzi alichungulia nyuma yako kumtafuta huyo mwanamume. Nilipokueleza alichodhani, ulicheka hadi kitambaa kikakudondoka kichwani.

Tukafuata kijia chini ya miti. Mnyama mdogo mwenye pua ndefu na makalio ya manjano akaruka mbele yetu.

“Huyo ni panya au ni swala?”

“Yuko huku tu, Baba. Kwetu hayuko.”

“Basi Mungu alipofika hapa alicheza kidogo.”

Mbele kijia kiligawanyika mara tatu, nami nikakosea. Ukanishika mkono kwa nguvu. Ndipo tukakutana na mama mmoja mwenye mzigo wa kuni. Nikamsalimu kwa Kigiriama changu cha kubabaisha, naye akautua mzigo, akapaza sauti: “Mwalimu!” Alikuwa mama yake Kadzo, mwanafunzi wangu. Alinishika mikono yote miwili akasema Kadzo sasa ndiye anayewasomea barua pale nyumbani. Nilikutafsiria kwa Kigusii, nikiona haya. Alituonyesha njia, nasi tukatembea hadi miti ikaisha na bahari ikatokea.

Ulichota maji kwa kiganja, ukaonja, ukatema. “Nani ametia chumvi yote hii?” Wimbi likakulowesha mpaka kiunoni. Nilikimbia kukuokoa, kumbe unacheka! Ukanivuta nami, na viatu vyangu vya kanisani miguuni. Tukiwa tumesimama majini, ukaniambia:

“Nilikuja kumtafuta mtoto aliyepotea. Wewe hujapotea, watu wanakujua. Baki.”

“Na mzee je?”

“Mzee niachie mimi.”

Ulirudi Gesima na chupa ya soda iliyojaa maji ya bahari, ukawaonjesha majirani wote. Mzee naye alionja, akakunja uso, akauliza kama ni maji haya yaliyomshika binti yake. Ukamjibu: “Hapana. Ni watoto wa watu.” Hakulizungumzia tena.

Mama, nilifundisha kule mpaka nikastaafu. Kadzo ana wajukuu sasa. Nimerudi nyumbani, nachuma chai yako, na nikikumbuka maisha yangu nafurahi, nafurahi kweli. Sikuwahi kukushukuru kwa lile neno lako moja, “Baki”, kwa sababu siku ile nami nilikuwa nacheka sana. Leo nasema asante.

Pumzika salama hadi asubuhi ile tutakapoamshwa sote.

Binti yako,
Kemunto