Kipupwe cha Kukaa Ndani

Lyngen, 2 Desemba 1974

Mwanangu Torunn,

Salamu nyingi. U hali gani huko Trondheim, na kazi ya uuguzi inaendaje? Mimi mzima, ila miguu inaniwasha. Jua limeshazama, na kama kila mwaka huku kaskazini, halitaonekana tena mpaka Januari. Na tangu uniambie daktari amenikataza matembezi na mlima kwa sababu ya moyo huu, nimebaki kupima sakafu: jikoni, mlangoni, jikoni. Jana jirani yetu Hjørdis alinichungulia akasema, "Eilif, utazitoboa mbao hizo uangukie kwenye viazi vya chini ya sakafu!" Nikamwambia afadhali viazi, vina kazi ya kuota.

Niruhusu basi nipande kidogo tu, nirudi.

Baba yako

Trondheim, 13 Desemba

Baba mpenzi,

Nakuamkia. Mimi sijambo, ila kikohozi kidogo.

Hapana, Baba. Nakuomba. Mama tulimfukua chini ya poromoko la theluji kwenye mlima huo huo, na miaka mitatu haijaisha. Daktari amesema neno lake. Chonga vijiko, gombana na Hjørdis, fanya lolote. Vumilia mpaka Pasaka. Nitakuja, tupande pamoja polepole.

Binti yako

Lyngen, 21 Januari 1975

Mwanangu,

Habari za siku? Kikohozi kimekuacha?

Jua limerudi leo, dakika chache tu. Kijiji kizima kilipanda kulilaki, na kahawa na maandazi. Mimi nililiona ukutani jikoni, kipande kama sahani. Hjørdis aliniletea andazi, limeshapoa. Nimechonga vijiko kumi na tisa na sina wa kumlisha. Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe kama wa farasi aliyefungiwa. Lakini ahadi ni ahadi. Pasaka nimeshaizungushia duara kwenye kalenda.

Baba yako

Trondheim, 17 Machi

Baba mpenzi,

Natumaini u mzima. Wauguzi wawili wameugua, nimepangiwa zamu Pasaka yote. Nisamehe. Mei nitakuja, bila shaka. Tafadhali usitoke peke yako.

Binti yako

Trondheim, 7 Aprili

Baba,

Wiki tatu kimya. Najua nimekuudhi. Niandikie hata mstari mmoja.

Torunn wako

Lyngen, 14 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nipo hai. Hjørdis alitaka kukuandikia, nikamkataza.

Jumapili ya Pasaka kulikuwa kweupe, theluji imeshikana vizuri. Nikasema liwalo na liwe, nikavaa mbao zangu za kuteleza. Sikufika hata kijito nyuma ya zizi. Si moyo, Torunn; moyo ulikuwa unaimba. Ni miguu. Imekaa miezi mitano, imesahau. Nilianguka mara tatu. Mara ya nne sikuinuka. Nikaketi thelujini nikalia kama mtoto.

Hjørdis akanivuta kwa sleji ya kuburuta thelujini, akinitukana njia nzima: "Mzee mjinga! Hata gunia lina akili kukushinda!" Naye analia.

Goti limevimba, halikunjiki. Daktari anasema nitatembea kwa fimbo. Mlima ndio basi tena.

Baba yako

Trondheim, 21 Aprili

Baba,

Leo sikuamkii, sina uso.

Ile siku ya Oktoba, ulipokuwa unavaa shati, daktari aliniita pembeni. "Mwache atembee kila siku," alisema. "Asiende peke yake tu, wala kwenye miinuko mikali. Akikaa ndani ataisha." Mimi nikakuambia amekukataza. Nilikuwa nakuona chini ya theluji ile ile na Mama. Nilitaka nibaki na mmoja.

Nimekuvunja miguu kwa mikono yangu. Nifanyeje sasa?

Torunn

Lyngen, 28 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Salamu, na uniamkie kama kawaida.

Nilijua. Februari nilikwenda kuchukua dawa, daktari akashangaa: "Eilif, mbona umelegea hivi? Si nilimwambia binti yako utembee?" Nikamjibu baridi imezidi. Nilipofika nyumbani nilisimama mlangoni na viatu miguuni. Nikawaza, nikitoka, yule mtoto kule atakosa usingizi. Nikavivua. Kwa hiyo usijitwike mzigo wote. Nusu ni wangu. Ulipoandika huji, ndipo hasira za kizee zikanishika.

Sitakudanganya kwamba haiumi. Watu wanapita na mbao mabegani, wananipungia mkono, nami nawapungia. Wakishapita nageuza uso.

Njoo Mei. Kutoka mlangoni mpaka kwenye geti ni hatua arobaini. Mimi nafika ishirini. Zilizobaki nataka tuzitembee wote.

Baba yako