Nimewaambia Wanao, Tata

Tata,

Hata kwenye karatasi naona haya. Mkamwana na baba mkwe hawaandikiani mambo kama haya. Mimi na wewe hatukuwahi kula meza moja. Nilipoleta chai ulitoka kwenda uani, nikaiweka, nikarudi jikoni. Ndiyo heshima yenu, chinsoni, aliyonifunza Mama, mkeo, nilipoolewa hapa Gesima kutoka kwetu ziwani. Tulisalimiana kwa Kiswahili, mimi changu cha kuuza mitumba sokoni Daraja Mbili, wewe chako cha kuuza ndizi, na kilitutosha.

Mpaka siku ile uliyoshindwa kabisa kupata haja ndogo. Mume wangu Ombati alikuwa kazini Nyacheki, Mama magoti yalimkatalia safari, nikakupeleka hospitali mimi. Masikio yako yalikuwa yameanza kuchoka, basi kila alichouliza daktari nilikirudia kwa sauti karibu na sikio lako. Kama kuna damu. Kama mkojo unakatikakatika. Nyuma ya pazia watu wa benchi walinyamaza wakasikiliza. Ulijibu ukiangalia ukuta, "Imekuwa miaka, mwanangu." Hukuwa umewahi kuniita hivyo.

Vipimo viliporudi, saratani ya tezi dume ilikuwa imefika kwenye mifupa. Tukishuka ngazi ukaniambia, "Wavulana wasijue ni ya huko. Waambie ni mgongo." Nikakubali. Tukakuzika kwa ugonjwa wa mgongo, Tata. Mchungaji aliutaja, mimi nikatazama viatu vyangu.

Lakini kuna neno la daktari ambalo sikulirudia sikioni mwako. Alisema ugonjwa huu hufuata ukoo. Mwanaume ambaye baba yake ameugua yuko hatarini kuliko wengine, na akiingia miaka ya arobaini azungumze na daktari kuhusu kupima damu, asingoje maumivu, kwa sababu mwanzoni hauumi. Nikalimeza. Ombati alipokawia chooni, nilisimama nje ya mlango nikisikiliza kama mwizi.

Baadaye familia ilipokutana kuzungumzia shamba la chai, nikasema. Mbele ya Mama, mbele ya Ombati na kaka yake Momanyi. Nilisema nikiwa nimeshika leso mdomoni, sijui kama maneno yote yalitoka. Momanyi alisimama. "Umemvua baba nguo mbele ya watoto wake," akasema, akatoka bila kofia yake. Ndivyo nilivyofanya.

Mama akasema, "Nilijua. Shuka nilikuwa nafua mimi."

Basi wote wawili tulikufichia siri yako, kila mtu peke yake, ndani ya boma moja.

Ombati alipima. Kwa sasa yuko sawa, ila atarudi kupimwa tena. Daktari alimwambia hakuna kitu cha kuizuia saratani kabisa, lakini aache sigara, apunguze nyama ya mafuta na kitambi, mwili utembee. Sigara ameacha. Kwa nyama bado ananung'unika, nikimwekea mboga za chinsaga ananiuliza kama yeye ni mbuzi.

Momanyi hakukanyaga kwetu. Kisha mke wake akaja kibandani kwangu sokoni, akajifanya anachagua sweta, akaniambia huku akikunja mikono ya sweta ile ile mara mbili, tatu: mumewe alienda kupima peke yake, bila kumwambia mtu. Imepatikana. Bado ni ndogo, haijatoka mahali pake, na madaktari wana matumaini. Ameanza matibabu.

Momanyi bado hanisalimii. Tukikutana njiani anapita upande wa pili, na mimi nainamisha kichwa. Afadhali anichukie akiwa hai. Nasema hivyo, halafu nakumbuka uliniomba jambo moja tu maisha yako yote, na nililivunja mbele ya mke wako. Siombi unisamehe, maana ningerudishwa kwenye kikao kile ningesema tena.

Mjukuu wako sasa anaanza kuota ndevu. Wakati wake ukifika nitamkalisha chini nimwambie babu yake alikufa kwa ugonjwa gani, kwa jina lake, na najua uso utaniwaka vile vile. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Tata. Nyumba yako ina watu.

Mkamwana wako,
Akinyi