Mguu wa Babu Yako Umerudi

Nyumba ya kona, nyuma ya kinu,
Jumapili asubuhi.

Mjukuu wangu mpendwa,

Mdomo wako huo ufunge kabla sijakusalimu. Kumwambia dada yako kwenye simu kwamba amesoma miaka yote aje kushika futi kama fundi cherehani, hiyo adabu umefunzwa na nani? Haya, hujambo? Kifua kimepona? Sisi hatujambo. Goti langu linauma, lakini ni langu.

Sasa sikiliza. Tangu akatwe mguu chini ya goti, babu yako amekuwa mtu wa kiti na dirisha. Dada yako akasema atamtengenezea mwingine, pale karakana ya miguu ya bandia anapofanya kazi. Nikamuuliza atajuaje uzito wa mguu ambao haupo. Akasema anaupima mwenzake uliobaki: urefu, unene wa shavu la mguu, kifundo. Kisha anakokotoa uzito, na mahali uzito huo ulipolalia. Maana mguu wa mtu hai hauwekwi kwenye mizani kama nyama buchani.

Wa kwanza ulimshinda. Hesabu alizitoa kitabuni, zimepigwa kwa vijana wenye misuli, na babu yako miguu imebaki fito. Ukawa unamrusha kama mlango uliopigwa na upepo. Akaketi, akasema, "Huu wa nani? Wangu haukuwa na kiburi hivi." Akataka kiti chake cha dirishani. Dada yako hakula siku ile.

Kesho yake alijaza ndoo maji pomoni, akauzamisha ule mguu mzima wa babu yako hadi gotini, akakinga maji yaliyomwagika. Maji hayo ndiyo kipimo cha ukubwa wa mguu wa babu yako, si wa vijana wa kitabuni. Sakafu yangu ililowa chapachapa. Nilimgombeza, wala hakunisikia. Akaunda mwingine mwepesi, uzito kaupandisha karibu na goti.

Jana babu yako aliuvaa. Akapiga hatua, akasimama, akautazama.

"Ulikuwa wapi wewe?" akauambia.

Akatoka hadi getini kugombana na jirani juu ya kuku. Shida yetu sasa ni kumrudisha ndani. Dada yako alijificha nyuma ya mlango analia, futi inaning'inia shingoni. Huyo ndiye mjukuu wangu. Nimemtangaza mtaa mzima, asiyependa azibe masikio.

Shangazi yako anakusalimu, na mama yako anauliza kama unakula. Mungu akutangulie, akupunguzie maneno.

Mimi bibi yako, nikupendaye hata nikikuchapa kwa kalamu.

Ukimaliza kusoma usikae. Mpigie dada yako, umwombe radhi, kwa sauti ambayo babu yako ataisikia kule getini.