Mama wa Jikoni Yuko Wapi?

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yameacha kukusumbua. Watoto je? Yule kitinda mimba bado anakimbia kuoga? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Mengine utayaona huko chini, na tafadhali usiyasome mbele ya watu.

Kazi yangu ni ile ile ya kutia sauti filamu za kigeni, katika chumba kile kile kisicho na dirisha, mablanketi yamepigiliwa ukutani. Natafsiri maneno, halafu nasema sauti zote za wanawake, kuanzia bibi kizee mpaka kichanga. Za wanaume anazisema mzee mmoja tunayemwita Besi, maana akiguna tu meza inatetemeka. Wa tatu ni bosi, mwenye mashine na mwenye hasira.

Safari hii tumeletewa filamu za zamani za kutisha, zile ambazo binadamu anaichafua dunia, halafu dunia inamgeuka. Mara siafu wanamaliza mji, mara nyuki, mara kiwanda kimemwaga sumu mtoni na vyura wanatoka wakubwa kama ng'ombe. Zinatisha kweli, si mchezo. Ila nimechoka, dada. Kila mwenye sura kama yetu humo ni mpagazi au mpishi, jina hana, na ndiye wa kwanza kuliwa. Kiwanda cha wengine, faida ya wengine, anayeliwa mpagazi! Besi amekwisha kufa mara sijui ngapi. Anasema akifika nyumbani mkewe humuuliza leo kaliwa na nini.

Hiyo ya vyura ndiyo iliyonitia wazimu. Mna mama mmoja wa jikoni, mweusi kama mimi na wewe. Ni yeye peke yake anayewaambia wenye nyumba kwamba maji yameanza kunuka, nao wanamcheka. Basi anachukua ndoo, anakwenda mtoni, na haonekani tena. Hata kuliwa hawakumwonyesha! Mwishoni waliobaki wanapanda boti, wanakumbatiana, na yule shujaa anasema wote tuko salama.

Wote? Mkono ulikataa kuiandika sentensi ile. Nikamwambia bosi kwamba yule mama hajulikani alipo. Akanijibu kwamba filamu ni ya miaka hiyo, na sisi kazi yetu ni kutia sauti, siyo kutafuta waliopotea. Nikarudi kwenye karatasi zangu. Lakini pale kwenye boti shujaa ametupa mgongo, mdomo hauonekani, kwa hiyo nikaandika maneno mengine nikampa Besi. Naye, bila kupepesa macho, akauliza kwa sauti yake yote mama wa jikoni yuko wapi.

Bosi akasimamisha mashine, akafoka, akataka irudiwe. Besi, mjanja yule, akashikwa na kikohozi cha ghafla kisichosikia dawa, na filamu ilikuwa inatakiwa siku ile ile. Ikaenda hivyo hivyo. Ungedhani ningecheka. Niliangua kilio, dada, kilio cha msibani. Besi akanitoa nje, akaniuliza taratibu ni nani aliyenipotea mimi.

Sasa nakuambia wewe nilichomwambia yeye. Shemeji yako hayupo. Aliondoka na begi lake kabla ya mvua za mwaka jana, akasema anafuata kazi, na hajarudi. Simu yake haipatikani. Majirani hawakuuliza, kazini hawakuuliza. Ninyi sikuwapa hata nafasi, kwani kila barua niliandika kwamba anakusalimu, ana mafua kidogo, kafurahi kuona picha za watoto. Zile salamu nilizitunga mimi. Nilikuwa namtilia sauti mtu ambaye hayupo. Nakula peke yangu, na redio naiacha inasema ili nyumba iwe na mtu.

Mama mwambie wewe, kwa namna unayoijua. Wabusu watoto. Leo salamu zinatoka kwa mtu mmoja tu. Na ukijibu, usianze na pole, dada. Niulize kwanza.

Ni mimi, mdogo wako.